Pete Niliyoisugua kwenye Jiwe

Nakuru,
Jumanne, Januari 1955

Mpendwa dada yangu Chelangat,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, maana barua hii ni ndefu. Msalimu shemeji Kiplangat, mbusu mtoto, na mama yenu mwambie namuulizia mguu wake. Uvimbe umeshuka? Ulipoandika ulisema ameanza kutembea mpaka zizini na kurudi, nami nilifurahi sana. Na baridi ya Molo inawafanyaje? Hapa kwetu ni jua na vumbi. Upepo ukitoka upande wa ziwa, vumbi linaingia mpaka ndani ya kopo la sukari, na Mama Kanta ananilaumu kana kwamba ni mimi ninayeupuliza. Kwa mwili mimi ni mzima. Nakula, nafua, napiga pasi. Utulivu ndio sina, Chelangat. Tangu nishike penseli hii nimeinuka sijui mara ngapi, kwenda kuangalia sufuria ambayo haina kitu, kwenda kufunga dirisha ambalo limefungwa. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usishangae.

Barua yako niliipata, asante sana. Uliuliza kama mnaweza kuja na vibuyu vya mursik kwenye harusi, au kama watu wetu watayaogopa maziwa yale. Baba yangu alicheka nilipomsomea. Alisema mtu aliyetia makaa kwenye injini ya treni ujana wake wote hawezi kutishwa na maziwa yenye rangi ya majivu. Gauni nalo limekwisha, limebaki upindo tu. Padre ametutangaza kanisani mara mbili, na Jumapili hii ndiyo mara ya tatu na ya mwisho, halafu Jumamosi yake ni ndoa. Kila kitu kipo isipokuwa bwana harusi. Kipkemei aliondoka hapa Jumamosi bila kuniaga, na aliyemfukuza ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Nina hakika yuko huko kwenu, na ninavyomjua kaka yako, hajawaambia neno. Basi ngoja niseme mimi, halafu utajua kama kuna harusi au hakuna.

Unakumbuka tulipokuwa mayaya wawili katika nyumba moja kule Njoro, wewe hujui Kijaluo na mimi sijui Kikipsigis, tukigombana kwa Kiswahili kibovu mpaka kikanyooka? Kipkemei alikuwa akipita na lori la viazi kukuletea maziwa, na mimi nilikuwa nikimsikia kabla sijamwona, kwa sababu ya kile kicheko. Na akicheka, yale meno mawili ya dhahabu aliyowekewa Calcutta wakati wa vita yanang'aa pale chini. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba meno yake ya chini yaling'olewa utotoni, kama ilivyo desturi yenu, na kwamba askari wenzake kutoka pwani walimtania mpaka siku ya likizo akaingia kwa daktari wa meno akatoka na dhahabu mdomoni. Nilikujibu kwamba mwanamume wa namna hiyo ni wa kujionyesha tu. Ukaniambia subiri. Haya, nilisubiri, na ona nilipofikia.

Sasa nikueleze kazi yangu hapa, kwa maana ugomvi wote umetoka humo. Unajua niliajiriwa na Mama Kanta nifue na kupika. Lakini mume wake, Bwana Vithal, ni sonara, na duka lake liko mbele ya nyumba hii hii, mlango mmoja tu kati ya jiko langu na meza yake. Macho yake yameanza kupungukiwa nguvu. Anaweza kuona kitu kikubwa, lakini rangi ndogo ndogo zinamchanganya, na mteja wa Kihindi akijua sonara haoni rangi, hilo duka limekufa. Kwa hiyo alianza kuniita kimya kimya. Ana jiwe jeusi, laini, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Mtu akileta bangili au mkufu, Bwana Vithal anausugua kwenye jiwe, unabaki mstari mwembamba wa manjano. Kando yake anasugua vijiti vyake, kila kijiti kina ncha ya dhahabu ambayo yeye anaijua ubora wake. Halafu anachovya kijiti cha kioo kwenye chupa ya tindikali na kupaka juu ya mistari. Shaba inatoa povu la kijani na kupotea, mstari wote unakwenda kama haukuwepo. Dhahabu inabaki. Kazi yangu ilikuwa kumwambia kwa sauti ya chini mstari wa mteja unafanana na wa kijiti gani. Kwa dhahabu ya Kihindi, manjano yake ni mazito, yamekolea kama ute wa yai la kienyeji. Dhahabu ya Wazungu imechanganywa zaidi, rangi yake imepauka. Hayo nilijifunza upesi, na nikajiona mimi ni mtu.

Alinifundisha na jambo lingine, ambalo ndilo limeniponza. Jiwe linaonja ngozi ya kitu tu. Watu wajanja wanachukua shaba na kuipaka dhahabu juu, ukisugua unapata mstari mzuri kabisa. Kwa hiyo ukiwa na shaka unachukua tupa ndogo, unakata alama upande wa ndani ambako haionekani, unasugua palepale kwenye kidonda. Lakini kabla hujamkatia mtu kitu chake, sonara anamuuliza kwanza mwenyewe kimetoka wapi. Bwana Vithal husema hivyo kila mara. Anamuuliza mteja alinunua wapi, alipewa na nani, kilikuwa nini zamani. Mimi nilikuwa naona anapoteza wakati kwa porojo.

Habari ikaenea kwenye nyumba za reli kwamba Akeyo binti wa fundi wa injini anajua dhahabu. Wee, ungeona! Kina mama walianza kuja mlango wa jikoni saa za mchana, pete imefungwa kwenye pembe ya kanga, kabla ya harusi ya binti zao. Walitaka tu kujua kijana ameleta nini. Nilikuwa nachukua kipande cha jiwe la zamani alichonipa Bwana, na tone la tindikali, na ninawaambia. Karibu zote zilikuwa shaba. Wengine walicheka na kwenda zao, lakini mama yake Masinde, yule jirani yetu mwenye sauti, alimrudishia mkwe wake pete mbele ya wajomba, na ndoa ile imepatanishwa kwa taabu sana. Nami nilicheka, Chelangat. Nilisema mwanamume akiweza kudanganya kwa pete atadanganya kwa mshahara. Nilisema kwa sauti, watu wanisikie.

Ndipo kaka yako akaniletea pete yangu. Ilikuwa wiki ya Krismasi, amesimamisha lori nje, taniboi wake Wasike anapakua magunia. Kipkemei alikuwa amejifunga skafu mpaka puani, akasema ni vumbi. Akanipa kitambaa kimefungwa fundo. Ndani yake pete nyembamba, haina urembo wowote. Kabla sijafungua kinywa akaniambia ni shaba iliyopakwa rangi, ameinunua kwa mchuuzi Eldoret, na kwamba ananiomba kitu kimoja tu, nisiipeleke kwenye lile jiwe langu nikamwaibisha. Nikamwapia sitaipeleka. Na niliapa kwa furaha. Nilijisemea kumbe mwanamume mkweli anaweza kuwapo, anayesema mwenyewe kwamba pete yake ni shaba. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Lakini tangu siku hiyo alibadilika. Hakucheka tena. Nikimtania anatikisa kichwa na kugeuka upande. Alikuwa akija, anasimama hatua mbili kutoka kwangu, mkono mdomoni, skafu shingoni, anasema maneno machache kwa midomo iliyofungwa nusu kama mtu anayenong'ona kanisani. Nilimmenyea muwa, na unajua anavyopenda muwa, akautia mfukoni akasema atautafuna njiani. Wakati mwingine aliniangalia kidole, akaondoa macho. Nilimuuliza ana nini. Akasema hana kitu, amechoka. Mtu anayesema hana kitu huku hakuangalii, utamfikiriaje? Nililala vibaya, nikaamka vibaya. Niliunguza mashati mawili ya Bwana Vithal kwa pasi, yote mahali pamoja, mgongoni.

Juu ya hayo kina mama hawakuniacha. Mama yake Masinde alikuwa akinikuta bombani na kuniuliza kwa sauti yake ile kama pete yangu imeshapita kwenye jiwe, au jiwe ni la watoto wa wenzangu tu. Wengine wakacheka. Nilijibu kwamba nimeambiwa ni shaba na nimeridhika. Akasema ah, basi sawa, lakini akaishika na kuipima mkononi, akanitazama, akasema kwa shaba ni nzito kidogo. Nilichukua ndoo yangu nikaenda, na njia nzima nilikuwa nikiisikia pete kidoleni.

Halafu siku chache baadaye nikasikia jambo la tatu, na hili ndilo lililonivunja. Yule memsahibu wa shamba, mwenye lori analoendesha Kipkemei, amepoteza pini ya dhahabu ya kuvaa kifuani, haionekani tangu kabla ya Krismasi. Unalijua hilo kuliko mimi, ninyi mko jirani. Mimi nilisikia kwa wauza mboga. Walisema polisi wamekuja, wamemchukua mpishi, na siku hizi unajua polisi wakimchukua mtu wanavyomuuliza. Kipkemei alikuwa hapa jana yake na hakunigusia habari hiyo hata kwa neno moja. Nilijiuliza kwa nini anyamaze. Ai, Chelangat, ukishaanza kujiuliza namna hiyo huwezi tena kukaa chini. Nilikuwa nikiosha sahani moja mara mbili.

Alhamisi iliyopita Bwana na Mama Kanta walikwenda kwa ndugu zao Njoro, wakaniachia nyumba na rundo la nguo za kupiga pasi. Nilipiga pasi foronya moja. Nikaiweka pasi chini. Nikaenda dukani, nikavua pete, nikachukua jiwe lenyewe, lile kubwa. Nilikuwa naomba, nakwambia kweli, nilikuwa naomba Mungu iwe shaba. Nilitaka kuona lile povu la kijani, nicheke, niirudishe kidoleni, nikamalize nguo zangu. Nikasugua. Nikapaka tindikali. Nikangoja. Mstari ukabaki palepale.

Nikasema ni rangi ya juu, yeye mwenyewe alisema imepakwa. Nikachukua tupa. Nikaharakisha, nikakata ndani zaidi ya nilivyofundishwa, karibu nusu ya unene. Nikasugua kwenye kidonda, nikapaka tena. Mstari ukabaki. Ilikuwa dhahabu ndani na nje. Nikasugua na vijiti vya Bwana kulinganisha, na haikufanana na dhahabu ya Kihindi hata kidogo. Rangi yake ilikuwa imepauka. Ilifanana na kile kijiti cha dhahabu ya Wazungu. Nikakaa kwenye kiti cha Bwana Vithal, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na hesabu yote nikaipiga hapohapo. Dereva wa lori. Pete ya dhahabu ambayo anasema ni shaba. Dhahabu ya Kizungu. Pini ya memsahibu. Mtu asiyeweza kunitazama wala kucheka. Na mpishi yuko ndani kwa ajili yake.

Bwana Vithal aliporudi jioni aliiona sura yangu akaniuliza kama naumwa. Hapo ndipo ningeweza kumwonyesha. Nilikuwa na pete mfukoni. Lakini niliogopa atakwenda polisi, na pia, nikiri, niliona sihitaji kuambiwa na mtu. Si mimi ndiye macho yake? Nikamwambia ni kichwa tu. Ijumaa yote nilikuwa kama kuku aliyekatwa shingo, natembea kutoka uani mpaka barabarani, barabarani mpaka uani, nikitunga maneno. Mara nimwambie polepole atubu. Mara nimrudishie pete nisiseme kitu. Mara nilijiona nimesimama mbele ya padre na mwizi, nimevaa kidoleni pini ya kifuani ya mwanamke mwingine, na mpishi anapigwa. Nilimwonea huruma yule mpishi ambaye simjui hata jina. Na nilijionea huruma mimi zaidi.

Jumamosi asubuhi nilijua lori litakuwa sokoni, pale wanapoteremshia viazi. Nilikwenda bila kitambaa kichwani. Kipkemei alikuwa amesimama na madereva wengine, skafu yake usoni. Nilikuwa nimetunga maneno ya upole, Chelangat, nakuapia. Hata hivyo aliponiona akaja akiwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni, na maneno yote ya upole yakaniruka. Nilimwambia mbele ya wote kwamba ameniletea kitu cha wizi. Nilisema nimeisugua pete yake kwenye jiwe, nimeikata, na ni dhahabu tupu ya Kizungu, na kwamba mtu wa watu yuko ndani anapigwa kwa ajili yake huku yeye ananunua harusi. Nilimwita mwizi. Nilimwita mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza wauza vitunguu wa mwisho hawakusikia vizuri.

Kipkemei hata hakukasirika; angekasirika ingekuwa afadhali. Aliivuta skafu chini polepole, akatia kidole kwenye mdomo wa chini, akauvuta, akanionyesha. Mimi nilitazama nisielewe. Niliona pengo la meno ya chini, nyama ya ufizi ina rangi ya waridi, na mahali palipoanza kupona. Lakini pengo la chini ndilo ninaloliona kwa baba yangu, kwa mama yangu, kwa wazee wote wa kwetu na wa kwenu. Nimekulia kwenye mapengo hayo. Nilikuwa namtazama mtu ambaye mdomo wake umekuwa kama wa mzee wangu mwenyewe, na kwa wiki hizo zote macho yangu haya yanayosomea sonara rangi hayakuona kwamba kuna kitu hakipo.

Ni Wasike aliyesema. Alipiga kelele kutoka juu ya magunia, kwa hasira, kwamba meno yale ya dhahabu yaling'olewa Eldoret kabla ya Krismasi, kwamba yeye mwenyewe alimshika Kipkemei kichwa, na kwamba sonara wa kule aliyayeyusha mbele yao na kusema yanatosha pete moja ya kike, nyembamba. Tena akasema pini ya memsahibu imeonekana siku nyingi, ilikuwa imeanguka ndani ya bitana ya koti lake, na mpishi amesharudi jikoni anapika. Kipkemei akapandisha skafu yake, akaingia kwenye lori huku magunia mengine bado yako juu, akawasha, akaondoka na viazi vya watu. Sikumfuata.

Nilipofika nyumbani nilimwekea Bwana Vithal pete mezani. Aliisugua mara moja, akainamisha uso karibu kabisa na jiwe, na kwa macho yake hayo mabovu akaniambia hii ni dhahabu ya meno. Akanieleza kwamba madaktari wa meno huichanganya iwe ngumu iweze kutafuna, ndiyo maana imepauka. Halafu akaniuliza nani amekata kidonda kikubwa namna hii, na kama nilimuuliza mwenyewe pete ilikuwa nini kabla ya kuwa pete. Nikalia mpaka Mama Kanta akaja kutoka ndani, akanipa chai yenye tangawizi, akamfokea mume wake bila kujua kosa ni la nani.

Nimemkasirikia pia Kipkemei, usidhani sikukasirika. Kwa nini aniambie shaba? Nimefikiri sana, na nadhani najua. Angeniambia kweli ningepiga yowe, ningemwambia arudishe, ningemwita mwendawazimu. Yale meno ndiyo kitu pekee alichorudi nacho kutoka vitani. Wenzake waliporudi na baiskeli na makoti, yeye alirudi na kicheko chake chenye dhahabu. Na alisikia jinsi nilivyokuwa nikiwacheka wanaume wa shaba. Alinisikia vizuri kabisa. Alitaka siku jiwe likigusa pete yangu, liseme ukweli, hata kama yeye mwenyewe hatasema. Na mimi nilipouona ukweli kwenye jiwe nikauita wizi. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona tangu kuzaliwa, Chelangat, na hainiachii hata nikikaa, hata nikisimama.

Jana asubuhi nilirudi sokoni. Baba alinikataza. Alisema mambo haya yana utaratibu, wajomba watatumwa Molo, watakaa na wazee wenu, watasema, litakwisha polepole. Nikamwambia Jumapili ni tangazo la tatu na mimi siwezi kungoja wajomba wamalize uji wao. Nilisimama palepale niliposimama Jumamosi, madereva walewale, wauza vitunguu walewale, mama yake Masinde naye alikuwepo na kapu lake. Nikasema kwa sauti ileile kwamba Kipkemei si mwizi, kwamba pete ni meno yake, na kwamba mwongo wa pale sokoni ni mimi. Baadhi yao walicheka. Dereva mmoja, Mkikuyu mzee anaitwa Ndung'u, alisema hajawahi kusikia mwanamke akikiri sokoni tangu azaliwe, akanisogezea gunia nikae. Mama yake Masinde hakucheka. Alinishika bega, akasema wiki hii ataomba msamaha kwa mkwe wake. Sijui kama ataomba kweli, lakini alisema.

Alhamisi nitapanda treni ya asubuhi. Nitashuka stesheni ya Molo. Najua bibi harusi haendi mwenyewe kumfuata mume kwao, na mama yenu atasema wasichana wa Kijaluo hawana haya. Mwambie ni kweli, huyu mmoja hana. Usitume mtu wa kunipokea. Nitauliza njia.

Sasa, dada, kama Kipkemei yuko hapo, na najua ameketi karibu na moto akijifanya hasikii, msomee kuanzia hapa. Soma kwa sauti, usiruke kitu.

Kipkemei, ni mimi Akeyo. Nilikuita mwizi mbele ya watu, na jana nimesema mbele ya watu haohao kwamba nilikosa. Wasike alikuwepo, muulize. Sina neno zuri la kuongeza. Wewe nawe ulinidanganya, na hilo nitakusemea tukiwa wawili, si kwenye barua. Usifunge skafu tena ukinijia mimi. Nimezaliwa na watu wasio na meno ya chini, nimenyonyeshwa nao, nimebembelezwa nao, na hujapungukiwa na chochote kwangu. Kama hunitaki tena, nitakuwa hapo Alhamisi, uniambie usoni na mdomo huo ukiwa wazi, nami nitarudi na treni ya jioni nimwambie padre mwenyewe.

Lakini pete sikurudishii. Bwana Vithal alitaka kuziba ile alama niliyoikata, nikamkatalia asiiguse. Niliivaa Jumapili baada ya misa, bila padre, na najua si halali. Tangu jana mkono umevimba kwa kufua na imekwama. Mama Kanta ameona kidole changu kimekuwa chekundu, akaniletea kipande cha sabuni nikipake itoke. Nimemwambia sabuni hiyo ni ya nguo.

Nisalimieni mama na mguu wake, na shemeji, na mtoto, na ng'ombe wote.

Ni mimi wenu,
Akeyo